Kifyonza Vumbi cha Kuingia Botini

Leo nazungumza na watu wa boti. Sisemi na mwenye ngalawa wala mwenye mtumbwi. Wao ndoo moja na kipande cha sponji vinawatosha, na bahari yote ni yao. Nasema na wale wenye boti zenye chumba, mito na magodoro: boti za kuzamia za Nungwi na Mafia, boti za kuvulia samaki wakubwa za Watamu na Shimoni, majahazi ya Lamu yaliyotiwa vitanda ili wageni wapate kulala baharini, na zile za tanga zinazotia nanga miezi kadhaa katika hori ya Kilifi. Nasema pia na vijana wanaozisafisha, maana ndio watakaokishika kifaa nitakachokitaja kila jioni, na mara nyingi ndio wasioulizwa kinaponunuliwa.

Kifaa chenyewe ni kifyonza vumbi. Najua wapo watakaocheka. Bahari ina vumbi gani? Na ufagio wa chelewa umekwenda wapi? Ufagio upo, na uendelee kuwapo. Lakini ufagio unataka mahali pa kuusukumia uchafu. Nyumbani unafagia hadi mlangoni, unatoa nje, umemaliza. Botini, chini ya kitanda cha omo, hakuna mlango. Unafagia pembe hii, mchanga unakimbilia pembe ile, na mwisho wake unaanguka ngamani.

Huko ngamani ndiko shida inakozaliwa. Mgeni akipanda kutoka ufukweni analeta mchanga katikati ya vidole, kwenye taulo, kwenye pindo la kaptula. Ule wa juu utauona na kuufuta. Usiouona ni ule unaoshuka chini ya sakafu, ukachanganyika na nywele, nyuzi za taulo na mafuta ya injini, ukawa tope. Tope hilo hufuata maji mpaka kwenye vile vitundu vinavyopitisha maji kutoka taruma moja hadi jingine, likaviziba. Maji yaliyotakiwa kukusanyika pale ilipo pampu yanabaki madimbwi madimbwi, na kama boti ni ya mbao, mbao zinaanza kuoza hapo hapo. Yale yatakayoifikia pampu yanafika na takataka zake. Nywele zinajizungusha kwenye mapanga ya pampu, chujio linaziba, na swichi ya boya, ile inayotakiwa kupanda pamoja na maji ili pampu ijiwashe yenyewe, inakwama chini. Nahodha yuko kwake amelala, boti iko nangani, maji yanaingia taratibu na pampu haina habari. Kwa hiyo kuutoa mchanga kabla haujafika chini ni sehemu ya kuifanya boti ielee.

Halafu kuna chumvi. Maji ya bahari yakikauka kwenye mto, chumvi inabaki ndani ya kitambaa. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevunyevu ukifika kama asilimia 75, na chumvi ya bahari, kwa kuwa imechanganyika na magnesiamu, huanza mapema zaidi. Pwani yetu unyevunyevu hupita kiwango hicho usiku baada ya usiku. Ndiyo sababu mto uliouanika juani mchana kutwa, ukiugusa alfajiri una ubichi, na ndiyo sababu masika, boti zikiwa zimefungwa zinangoja wageni warudi, vyumba vyake vinaota koga. Dawa yake ni maji matamu, na botini maji matamu hupimwa kwa lita. Ukifyonza kwanza zile chembe kavu za chumvi pamoja na mchanga, kitambaa kilicholowa kidogo kinamaliza kazi. Ukianza na maji, unaiyeyusha chumvi na kuizamisha ndani zaidi.

Basi, tununue kipi? Anza na umeme, mengine yatafuata.

Boti nyingi ndogo zina umeme wa volti 12. Hesabu yake ni nyepesi: volti mara ampea, unapata wati. Kifyonza cha wati 120 kinakula ampea 10. Sasa angalia lile tundu la kuwashia sigara, ambalo wengi wetu ndilo tunalotegemea. Fyuzi yake mara nyingi ni ya ampea 10 au 15. Kwa hiyo kifaa chochote cha kuchomeka humo, hata kiandikwe maneno gani kwenye boksi, hakiwezi kwenda mbali na wati 120 au 180. Na hata hizo hazifiki zote. Chukua waya mwembamba wa milimita mraba 1, mita 5 kwenda na mita 5 kurudi, upitishe ampea 10: karibu volti 2 zinapotea njiani, na mota iliyoahidiwa 12 inapata 10 na kidogo. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini vile vifyonza vidogo vya garini, vinavyouzwa kila kona ya Kariakoo na Darajani, vina kelele nyingi na mvuto haba. Kwa makombo ya biskuti kwenye kiti cha gari, sawa. Kwa mchanga mbichi wa ufukweni, hapana. Nimewasikia mabaharia wakivisifu siku ya kwanza. Sijamsikia anayekisifu cha kwake baada ya msimu mmoja wa kaskazi.

Mwingine atasema: mimi nina inveta, nitachukua kile cha nyumbani. Tuhesabu tena. Cha nyumbani cha wati 1200, kikipitia inveta kwenye betri ya volti 12, kinadai ampea 100, na ukitia kinachopotea ndani ya inveta yenyewe unapita 110. Betri ya ampea-saa 100, ile mafundi wanayoiita N100, kama ni ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu ukitaka ikae miaka. Fyonza dakika 20 tu, umekula zaidi ya theluthi moja. Imebaki nini cha taa za usiku, cha redio ya mawasiliano, na cha ile pampu ya ngama? Tena mota inapoanza kuzunguka hudai umeme mwingi kuliko inapokuwa imeshakolea, kwa hiyo inveta ndogo italia mlio wake na kuzima kabla hujafyonza hata chembe moja.

Na hizo wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, zisikubabaishe. Wati ni ulaji wa mashine. Hazikuambii inavuta namna gani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza vifyonza vipya vya nyumbani vinavyozidi wati 1600 kuanzia Septemba 2014, kisha ukashusha hadi wati 900 kuanzia Septemba 2017, na ukaweka kikomo cha kelele cha desibeli 80. Viwanda vililalamika kidogo, halafu vikarekebisha mapanga, mipira na midomo, na mazulia ya Ulaya yakaendelea kusafishwa. Cha kutafuta kwenye boksi ni vipimo viwili vingine: nguvu ya mvuto, inayoandikwa kwa kilopaskali, na wingi wa hewa, unaoandikwa kwa lita kwa sekunde. Mvuto ndio unaonyanyua mchanga uliolowa na maji ya ngama. Wingi wa hewa ndio unaokokota mchanga mkavu na nywele. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha hata kimoja, nunua kwake kitu kingine.

Niseme sasa ninachokipendelea. Kwa boti yenye chumba kimoja au viwili, chukua kifyonza kidogo cha aina ya ndoo, kinachoweza kufyonza kikavu na kibichi, chenye mpira wa kunyumbuka, na kinachotumia betri ileile ya drili ya fundi wako. Kampuni kubwa za zana, Makita, Bosch, DeWalt, zote zina vifyonza vinavyotumia betri zao za volti 18. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina nguvu ya wati 90 kwa saa nzima. Mashine ikila wati 200, una dakika 25 hivi, na dakika 25 zinatosha chumba, mito na pembe zote za ngama iliyokauka. Ukiwa na betri ya pili, unamaliza boti nzima. Chaja unaichomeka hotelini, au kwenye inveta ndogo saa za mchana sola zinapofanya kazi, na betri za boti hazijui kama kuna kilichopita. Tena mafundi wengi wanazo drili hizo tayari, kwa hiyo unanunua mwili wa mashine bila betri, na bei inashuka. Ila kumbuka, betri ya kampuni moja haiingii kwenye mashine ya nyingine, na betri bandia zenye nembo ya kuigiza zimejaa madukani. Betri za litiamu hazitaki maji ya chumvi kwenye vyuma vyake, hazitaki kuachwa ndani ya chumba kilichofungwa juani, wala hazitaki kuchajiwa boti ikiwa haina mtu.

Kwa nini nasisitiza kikavu na kibichi? Kwa sababu ya kilicho ndani. Katika vifyonza vingi vya nyumbani, pamoja na vile virefu vya kusimama ambavyo siku hizi kila tangazo linavisifu, hewa iliyofyonzwa ndiyo hiyohiyo inayopita kwenye mota na kuipoza. Vuta glasi moja ya maji, na unyevu wake unakwenda moja kwa moja kwenye nyaya za mota. Kama ni ya chumvi, kutu inaanza usiku uleule. Vile vya kikavu na kibichi vimepangwa vingine. Hewa chafu ina njia yake, na hewa ya kuipoza mota ina njia yake. Ndani ya ndoo kuna boya dogo: maji yakijaa, boya linapanda na kuziba mdomo wa kuvutia, mlio unabadilika, nawe unajua ni wakati wa kumwaga. Kabla ya kufyonza maji, toa mfuko wa karatasi na filta ya vumbi kavu, weka ile ya sponji. Jambo hilo vijana wengi hawaambiwi, halafu filta ikioza wanalaumiwa wao.

Mpira nao usiuache nyuma. Vile vya kushika mkononi visivyo na mpira, hata vikiwa na nguvu, haviingii chini ya kitanda wala nyuma ya tangi la maji. Unataka mdomo mwembamba wa kuingia kwenye reli za milango na zipu za mito, na mdomo wenye brashi laini wa kupitia juu ya fiberi, maana mchanga ukisuguliwa kwenye fiberi unachora. Kama mashine ina tundu la kupulizia upande wa pili, ni faida: itajaza hewa ya kwanza kwenye boti ya mpira haraka. Haitaifikisha kwenye ukakamavu wake. Hapo utamalizia kwa pampu ya mguu.

Hapa nitakaza sauti kidogo. Boti nyingi za pwani yetu zinaendeshwa na mashine za kupachika tezini zinazokula petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukivuja kwenye tangi au kwenye bomba, hauruki juu ukaondoka na upepo. Unateremka na kulala ngamani. Gesi ya kupikia nayo hivyo hivyo. Dizeli haitoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka ipate joto la nyuzi 50 na zaidi, lakini petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya barafu, sembuse jua la Bahari ya Hindi. Na mota za vifyonza vingi zina brashi za kaboni zinazorusha cheche ndogo ndogo muda wote zinapozunguka. Ukiingiza mpira ngamani penye mvuke huo, unaipelekea cheche moto wake. Kwa hiyo ukisikia harufu ya petroli au ya gesi, kifyonza kisiwashwe, na chaja ichomolewe ukiwa bado nje. Fungua kila kifuniko, acha hewa ipite, tafuta panapovuja, kisha fua maji kwa mkono, kwa ndoo ya plastiki na sponji. Wala usikubali kuambiwa kwamba kile cha kufyonza maji kinafyonza na petroli. Hakifyonzi. Kijana wa boti akikataa kazi hiyo, yeye ndiye mwenye akili siku hiyo.

Umeme wa nchi kavu nao una yake. Boti imefungwa gatini, waya mrefu umevutwa kutoka hotelini, kijana amesimama kwenye maji na miguu mitupu, mkononi ana mashine ya volti 230. Kama hakuna swichi inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30, kazi hiyo isianze. Wenzetu wa Mwanza, Kisumu, Kigoma na Bukoba walisikilize hili kwa makini kuliko sisi wa bahari. Maji ya ziwa, kwa kuwa hayana chumvi, hupitisha umeme kwa shida kuliko mwili wa binadamu, kwa hiyo umeme ukivuja kutoka botini hupita kwenye mwili wa anayeogelea karibu, viungo vikafa ganzi akazama. Kwenye bahari umeme huo hutawanyika zaidi majini. Kwa boti za ziwani, hiyo mashine ya betri ina faida nyingine tena juu ya zile nilizozitaja.

Boti ikiwa juu, imepandishwa kwa matengenezo, mambo hubadilika. Hapo mashine kubwa inaruhusiwa, mradi ikae chini mahali pakavu na mpira mrefu ndio uingie ndani. Si ubunifu mpya. Mwingereza Hubert Cecil Booth, aliyebuni kifyonza cha injini mwaka 1901, mashine yake ilikuwa kubwa hata ikavutwa na farasi. Ilisimama barabarani, na mipira ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward wa Saba. Lakini hata juu ya nchi kavu, vumbi la kusugua fiberi na rangi ya chini ya boti, ile yenye shaba ya kuzuia chaza, si la mashine ya kufyonzea mito na magodoro. Linapenya filta za kawaida na kurudi kwenye hewa unayoivuta. Hilo lina mashine zake na barakoa zake.

Kuhusu kumwaga. Mchanga mtupu ulitoka baharini, ukirudi hakuna kesi. Lakini ndani ya ndoo hiyo kuna nywele, nyuzi za nailoni, vipande vya vifuko na vifuniko vya chupa. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL unakataza kabisa kutupa plastiki baharini, na kuanzia Januari 2013 karibu kila aina ya taka nyingine imeingia kwenye katazo hilo. Weka ndoo yenye kifuniko, peleka taka pwani. Na ukikung'uta filta, usikung'utie joshini. Nadhani hilo halitaki maelezo.

Utunzaji hauna mengi. Ukifyonza maji ya chumvi, fyonza na maji matamu kidogo baada yake ili kusuuza mpira na ndoo, acha kifuniko wazi, anika filta kivulini mpaka ikauke kabisa. Filta mbichi iliyofungiwa inaoza, na harufu yake itasambaa chumba kizima ukiwasha mara nyingine. Mahali pa kuiweka mashine patafute kabla ya kununua: chukua futi, pima kabati, kisha ndipo uende dukani.

Ukifika dukani, usiridhike na kuwashiwa mashine ikapiga kelele. Beba chupa ya mchanga wa pwani, nusu mkavu, nusu umelowa, na uzi mrefu mmoja uwe badala ya nywele. Mwaga sakafuni, uone. Ziba mdomo wa mpira kwa kiganja, usikie kama unakung'ang'ania. Uliza filta ya akiba ipo na bei yake ngapi. Kama haipo leo, baada ya mwaka haitakuwapo. Kama ni ya mtumba kutoka Japani, soma kibandiko, maana umeme wao ni wa volti 100, na wa Marekani 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu bila transfoma, moshi wake ndio risiti yako.

Wenye boti, nendeni dukani na vijana wenu. Yule anayepiga magoti kila jioni chini ya kitanda cha omo anajua mpira unatakiwa uwe na urefu gani kuliko mimi na kuliko muuzaji. Na kama pesa haitoshi kwa mashine nzuri mwaka huu, msinunue ile ya kuchomeka kwenye tundu la sigara kwa kujifariji. Nunueni sponji kubwa, brashi laini na ndoo mbili za maji matamu, mmoja awafutie wageni miguu kabla hawajapanda, na fedha nyingine iwekeni mpaka msimu ujao.